Mkuu wa polisi akiondolewa, jalada hubaki na nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kijiweni kwetu kulizuka ubishi juu ya Rais Donald Trump wa Marekani kumfukuza kazi mkurugenzi wa FBI (shirika la upelelezi la Marekani), James Comey, mwaka 2017. Mwenzangu anashikilia kwamba mkuu akishaondolewa, kesi alizokuwa akizifuatilia hufa papo hapo. Nilimpinga, lakini hoja ziliniishia. Je, kiongozi wa nchi anaruhusiwa kufanya hivyo bila kutoa sababu, na kwetu utaratibu ukoje?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, wewe ndiye uliye karibu zaidi na ukweli, ingawa hofu ya mwenzako haikuzuka bure.

Comey aliteuliwa na Barack Obama mwaka 2013 kwa kipindi cha miaka 10. Ukomo huo uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1976, baada ya J. Edgar Hoover kuiongoza taasisi hiyo kwa miaka 48. Wengi hudhani kwamba kipindi hicho ni kinga, lakini sivyo: rais anaweza kumwondoa mkurugenzi wakati wowote, na Bill Clinton alikwisha kufanya hivyo mwaka 1993 kwa William Sessions, aliyekuwa akituhumiwa kukiuka maadili. Kilichozua kelele Mei 9, 2017 ni kwamba Comey alikuwa akisimamia uchunguzi wa namna Urusi ilivyoingilia uchaguzi wa 2016, na kama watu wa kampeni ya Trump mwenyewe walishirikiana nayo. Sababu iliyotangazwa ilikuwa jinsi Comey alivyoshughulikia uchunguzi wa barua pepe za Hillary Clinton, mpinzani wa Trump katika uchaguzi huo. Siku mbili baadaye Trump akasema katika mahojiano ya televisheni kwamba alipokuwa akiamua, suala la Urusi lilikuwa akilini mwake. Comey aliipata habari ya kufukuzwa kwake kwenye skrini za televisheni, akiwa anazungumza na wafanyakazi wake Los Angeles, jambo ambalo mimi naliona kuwa utovu wa adabu hata kama sheria haikulikataza.

Jalada, hata hivyo, halikufa. Mei 17, Rod Rosenstein, naibu mwanasheria mkuu ambaye ndiye aliyeandika waraka wa kumlaumu Comey, alimteua Robert Mueller kuwa mchunguzi maalumu, na kazi ikaendelea hadi Machi 2019. Wapelelezi na nyaraka zao walikuwa bado wapo, na palikuwa na mtu mwingine mwenye mamlaka ya kisheria ya kuwakabidhi kazi hiyo.

Kwetu Tanzania, Rais ndiye anayemteua Mkuu wa Jeshi la Polisi, na ndiye anayetengua uteuzi huo. Mwezi uleule wa Mei 2017, Rais John Magufuli alimteua Simon Sirro kushika nafasi ya Ernest Mangu, ambaye baadaye alikuwa balozi nchini Rwanda. Mwaka 2022 Sirro naye alimpisha Camillus Wambura, akaenda kuwa balozi Zimbabwe. Tumezoea kuusoma mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa na walioondolewa, na kukisia sababu, kwa kuwa mara nyingi taarifa yenyewe haizitaji.

Jirani zetu wa ziwa hili wana taratibu zao. Nchini Uganda, Bunge huidhinisha uteuzi, lakini Rais anaweza kumwondoa mkuu huyo, kama Yoweri Museveni alivyomwondoa Kale Kayihura Machi 2018. Kenya imekaza zaidi: Katiba ya 2010 inampa Inspekta Jenerali kipindi kimoja cha miaka 4, inataja sababu ambazo kwazo tu anaweza kuondolewa, na inakataza mtu yeyote kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani. Hata huko shinikizo hupata njia, kwani Japhet Koome alijiuzulu Julai 2024, wakati wa maandamano ya vijana, bila kusubiri kuondolewa.

Kwa hiyo muulize mwenzako ni nani mwenye mamlaka ya kuifuta kesi. Hapa nchini ikishafika mahakamani, mamlaka hayo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye ibara ya 59B ya Katiba inataka awe huru na asiingiliwe na mtu yeyote. Atakujibu, na kwa haki, kwamba huyo naye huteuliwa na Rais.