Muulize Anko: Namba ya duka imeporwa, wateja wananiita tapeli

Safu ya maswali ya wenye biashara. Barua tumezifupisha na majina ya waandishi tumeyaficha.

Shikamoo Anko. Nauza madera na vitenge Mbagala. Wateja wangu wengi wako kwenye grupu la WhatsApp, na mizigo ya mikoani natuma kwa basi. Jumamosi mchana duka limejaa, akanipigia kijana akisema yuko ofisi ya mizigo, kuna furushi langu limekwama, nimtajie namba sita zilizoingia kwenye simu ili alitoe. Nikamtajia huku napima kitambaa. Muda si muda WhatsApp ikanitoa. Yeye akaingia kwenye grupu akatangaza ofa, madera matatu kwa bei ya mawili, mwisho saa kumi, lipa kwenye namba hii. Wateja kadhaa wakalipa. Sasa wanakuja Instagram kuandika "tapeli" chini ya kila picha. Mume wangu anasema nifute maoni yote na nilifunge grupu. Je, ni sawa? Na hela zao nirudishe mimi?
*Mama Madera, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na pole. Mume wako nampa heshima zake, lakini asifute mtu kitu.

Tuanze na namba. Futa WhatsApp kwenye simu yako, ipakue upya, jisajili kwa namba yako ileile. Utaletewa namba sita mpya kwa ujumbe wa kawaida. Ukiziingiza tu, yule mwizi anatolewa hapohapo. Huenda ukaombwa namba ya siri ambayo hukuiweka wewe. Maana yake ameiweka yeye, na itakubidi usubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo namba. Siku 7 ni ndefu kwa mfanyabiashara, najua, lakini katika siku hizo naye hayumo. Jambo la kukutuliza kidogo: mazungumzo yako ya zamani yako ndani ya simu yako, hakuyaona kwa kuingia upande wa pili. Alichopata ni magrupu yako na kila ujumbe ulioingia tangu alipoingia.

Wakati unahangaika na hilo, wateja lazima wasikie kwako. Usiandike tangazo, kwa sababu hata mwizi anaandika matangazo. Simama dukani, makabati yako nyuma, jirekodi video ya nusu dakika: leo saa fulani namba yangu ya WhatsApp iliibwa, ofa ile si yangu, aliyelipa anipigie kwa simu ya kawaida. Iweke Instagram, iweke Facebook, mtumie na shoga yako yeyote aliyemo kwenye grupu airushe humo. Sauti yako wanaijua, na duka wanalijua.

Waliolipa kila mmoja apige mwenyewe huduma kwa wateja ya mtandao aliotumia kulipa, kwa sababu mwenye muamala ndiye anayesikilizwa. Hela ikiwa bado imo kwenye laini ya mwizi inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni kazi nyingine kabisa. Mimi nilikuwa wakala Msimbazi miaka mingi, na watoaji wa namna hii nilikuja kuwajua: hela inaingia, dakika chache baadaye yuko dirishani, anaitoa vipande vipande kwa mawakala tofauti, hahesabu noti, macho yako barabarani. Kwa hiyo anayesema "nitapiga jioni nikitoka kazini" ndiyo ameshaisamehe.

Namba iliyopokea hela itumeni kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, halafu nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako iliyoandikwa kituoni. Usiende na maneno matupu. Nenda na skrinishoti za ile ofa zinazoonyesha saa, na ujumbe wa miamala ya wateja wenye namba za kumbukumbu na jina lililotokea. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni na kuwaibia watu kwa njia hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo askari akikuambia "hayo ni mambo ya simu", mwombe kwa adabu akuelekeze kwa wanaoshughulikia makosa ya mtandao.

Hapa nakusihi kitu kimoja. Jina lililotokea kwenye muamala usilirushe mtandaoni na picha ya mtu uliyemkuta Facebook. Laini nyingi za kitapeli zimesajiliwa kwa kidole cha mtu asiyejua lolote. Bibi wa watu aliambiwa "weka tena, haijasoma", kumbe anasajili laini ya pili. Ukimchafua bibi huyo, sheria ileile ya 2015 itakugeukia wewe. Na wewe mwenyewe piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kaifute.

Sasa hayo maoni ya "tapeli". Ukiyafuta, aliyeandika atapiga picha kwamba umefuta, na hapo ndipo utakuwa tapeli kweli machoni pa watu. Jibu kila moja, mara moja tu, maneno yaleyale: "Pole sana dada. Namba yangu iliibwa Jumamosi, nimetoa taarifa polisi. Nipigie au njoo dukani tuzungumze." Basi. Akirudi na matusi, mwache. Wengine wanaosoma hawahukumu matusi yake, wanatazama wewe umejibuje.

Kuhusu kurudisha hela, haya ni maoni yangu na si ya mwanasheria. Usirudishe taslimu kwa kila anayedai, maana wakisikia unarudisha, watakuja na wenye ujumbe wa kutengeneza. Wale unaowajua, wenye muamala unaoonekana, wape punguzo kwenye manunuzi yajayo, mgawane hasara. Mteja wa miaka mitatu ana thamani kuliko faida ya madera mawili. Anayekataa punguzo na kutaka hela yote, mweleze kwamba polisi mnafuatilia pamoja na umpe namba ya RB.

Ukisharudi WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio, weka namba ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa, na ongeza barua pepe yako ya kukusaidia ukiisahau. Halafu chukua lipa namba yenye jina la duka, ibandike ukutani na kwenye maelezo ya grupu, na waambie wateja kwamba malipo ni hapo tu, hata ukiandika wewe mwenyewe kwamba imebadilika. Zile namba sita hazitajwi kwa mtu yeyote, hata mimi nikikupigia.

Anko, nina duka la vifaa vya ujenzi Tegeta. Mteja kachukua mifuko 30 ya saruji, akanionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, na mimi ukaniingia ujumbe kama huo. Jioni nafunga hesabu, hela hakuna. Mtandao ndio ulikosea?
*Fundi Saruji, Tegeta*

Hapana. Ujumbe uliokuingia ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, ameuandika kwa mkono akaiga maneno ya kampuni. Ufungue tena utazame juu, aliyetuma ni nani. Ujumbe wa kweli unakuja kwa jina la huduma, huu wako utakuta una tarakimu za simu.

Kuanzia leo saruji haipandi kwenye kirikuu mpaka umetazama salio lako mwenyewe. Simu ya mteja haikuhusu, hata kama ina muhuri. Na kijana wako wa dukani umpe njia ya kuona salio la lipa namba bila kuwa na namba ya siri ya kutolea hela. Ulizia kwa wakala aliyekufungulia.

Assalaam alaykum, ami. Nina nyumba ya wageni Paje, vyumba tisa. Mtu ananiandikia WhatsApp kwa namba ya nje, anataka dola 300 kwa sarafu za kidijitali, ama si hivyo ataniwekea maoni ishirini ya nyota moja Google na Tripadvisor. Ameshaweka mawili Google kama mfano, yanasema vitanda vina kunguni. Sina kunguni, wallahi. Lipo na la tatu linalalamikia maji kukatika, lakini hilo la maji ni la kweli. Mwanangu anasema awaite jamaa zake waniwekee nyota tano za kutosha. Msimu ndio unaanza, nimlipe yaishe?
*Mwenye Nyumba, Paje*

Waalaykum salaam. Usimlipe. Leo ni dola 300, mwezi ujao atakuja mwenzake ambaye amepewa namba yako, kwa sababu mtu aliyelipa mara moja ndiye mteja anayetafutwa. Usimtukane pia. Usimjibu kabisa, ila usimzuie kwanza. Mwache aandike, kila anachoandika ni ushahidi wako: madai, kiasi, namba yake, anwani ya kupokelea hizo sarafu. Piga skrinishoti zote, zihifadhi na mahali pengine nje ya simu.

Tripadvisor wanayo sehemu, kwenye ukurasa wa mwenye biashara, ya kuripoti vitisho vya namna hii, na ripoti ina nguvu zaidi ikifika kabla ya maoni yenyewe kuwekwa. Kwa hiyo ifanye usiku huu. Google nako, bonyeza kila moja ya yale mawili na uyaripoti. Sharti lao ni kwamba maoni yatokane na mtu aliyefika kweli. Wanaweza kuchelewa, na wanaweza kukataa mara ya kwanza. Rufaa ipo, itumie.

Huku ukisubiri, fungua kitabu chako cha wageni. Tafuta majina hayo, tafuta tarehe. Hayamo? Andika chini ya kila moja, kwa Kiingereza chepesi na kwa utulivu: tumetazama kumbukumbu zetu, hatuna mgeni wa jina hili, tunaomba namba ya chumba au ya uhifadhi ili tufuatilie. Usiseme "mwongo". Mgeni wa Ujerumani anayetafuta chumba cha Agosti atasoma hayo na kujua nani ni nani. Usimwage humo simu wala pasipoti ya mgeni yeyote kuthibitisha hoja yako; hizo ni taarifa binafsi za mgeni, si zako kuzianika.

Mwanao mshukuru, ila hao jamaa zake wakae nyumbani. Nyota tano zilizowekwa siku moja na watu wa Mwanakwerekwe zinaonekana kutoka mbali, na Google wakizigundua utaingia kundi moja na huyo anayekutishia. Badala yake, mgeni akiwa anarudisha ufunguo, amefurahi, mwombe aandike alichokiona. Usimpe punguzo wala juisi ya bure kwa ajili hiyo, ni kinyume cha masharti yao. Wanaokuja kupitia Booking.com ni silaha yako nzuri, maana kule haandiki ila aliyehifadhi chumba kupitia kwao.

Polisi nenda na hizo skrinishoti. Ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika Zanzibar vilevile.

Na lile la maji, ami, lijibu tofauti na hayo mengine. Kiri, omba radhi, eleza umefanya nini. Kisha ununue tangi la pili, kwa sababu mwezi wa nane maji yatakatika tena na safari hii watakaoandika hawatakuwa matapeli.

Anko shikamoo. Naagiza vioo na betri za simu kutoka Guangzhou, nauza jumla Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Msambazaji wangu wa siku zote aliniandikia barua pepe kwamba akaunti yao inakaguliwa, nilipe kwenye akaunti nyingine. Nusu nimeshalipa, nusu natakiwa nilipe wiki hii. Moyo unakataa.
*Mzee wa Vioo, Kariakoo*

Marahaba. Barua hii niliijibu kwa simu siku ileile, hapa naiandika kwa faida ya wengine wanaoagiza mizigo.

Nilimwambia afungue barua ya zamani na mpya, aziweke sambamba, asome anwani ya mtumaji herufi kwa herufi kwa kidole. Ya zamani ilikuwa na herufi "m". Mpya ilikuwa na "r" na "n" zimekaa pamoja, na kwenye kioo kidogo cha simu huwezi kuzitofautisha na "m". Kila kitu kingine kilikuwa sahihi: namba ya ankara, idadi ya katoni, hata utani wao wa kawaida mwishoni. Hiyo inaonyesha mtu alikuwa ndani ya barua pepe ya mmoja wao kwa muda, anasoma tu, anasubiri siku ya malipo.

Wasiomwelewa wakasema mzee kazembea. Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, aliwatumia Google na Facebook ankara kwa jina la kampuni ya Taiwan waliyokuwa wakifanya nayo biashara kweli, wakalipa zaidi ya dola milioni 100 kati ya 2013 na 2015. Mwaka 2019 mahakama ya New York ikamfunga miaka 5. Kama idara za fedha za kampuni hizo zilipita humo, usimcheke mtu wa Aggrey.

Kazi ilikuwa hii. Kwanza benki, kabla ya chakula cha mchana, kuomba kwa maandishi wawaandikie wenzao walikopeleka hela waizuie. Pili kumpigia Mchina wake video kwa WeChat, kwa namba ya zamani aliyokuwa nayo miaka yote, si ile iliyoandikwa chini ya barua mpya. Tatu kubadilisha neno la siri la barua pepe na kutazama mipangilio yake, maana wezi hawa huweka amri ya kupeleka nakala kwao au kuzificha barua za msambazaji wa kweli ili usizione.

Kwenye video Mchina alishangaa, hajabadilisha akaunti yoyote. Nusu ya pili ililipwa kwenye akaunti ya zamani na mzigo umeshapanda meli. Nusu ya kwanza benki wanaendelea kufuatilia.