Kuipima Baiskeli ya Mlimani Yenye Shokapu Mbele na Nyuma kabla ya Kuikubali

Mtu akiniuliza kama baiskeli fulani ya mlimani yenye shokapu mbele na nyuma inamfaa, nami humuuliza kwanza kama imekwisha kurekebishwa kwa uzito wake, kwa sababu baiskeli ambayo shokapu zake bado zina upepo aliouweka mwendeshaji mwingine haiwezi kumweleza lolote la kweli. Nimeshuhudia baiskeli imara zikikataliwa baada ya mzunguko mmoja tu, na nimeshuhudia dhaifu zikisifiwa kwa ulaini wake kwenye lami. Ninachokizungumzia hapa ni uendeshaji wa nguvu: kuteremka kwa kasi kwenye mawe na mizizi, kuruka, kukata kona huku baiskeli imelala, kisha kupiga pedali hadi juu ili kuteremka tena.

Anza, basi, na mdidimio, yaani kiasi ambacho shokapu hushuka kwa uzito wako kabla hujaanza safari. Vaa kila utakachovaa njiani, pamoja na kofia ngumu na maji utakayobeba, kisha tumia pampu maalumu ya shokapu, kwa kuwa pampu ya tairi haifai kwa shinikizo hilo wala haipimi kwa usahihi unaohitajika. Baada ya kuongeza upepo, ibonyeze shokapu mara kadhaa ili vyumba vyake viwili vya hewa visawazike, la sivyo kipimo chako kitakudanganya. Simama juu ya pedali kama unavyosimama unapoteremka, mwenzako asukume kile kipete cha mpira kilicho kwenye bomba la shokapu hadi kiguse sili (mpira unaoziba mahali bomba linapoingia), nawe ushuke taratibu bila kutikisa, kisha mpime kipete kimesogea kiasi gani. Kwa nyuma mimi huanzia asilimia 30: shokapu yenye mwendo, yaani umbali inaoweza kubanwa, wa milimita 60 inapaswa kudidimia milimita 18 hivi. Kwa mbele asilimia 15 hadi 20 hutosha, kwa hiyo uma (shokapu ya mbele inayoshika gurudumu) wenye mwendo wa milimita 160 utashuka kati ya milimita 24 na 32.

Jambo linalofuata, ambalo naona ndilo huwapotosha watu wengi zaidi, ni kasi ya shokapu kurejea baada ya kubanwa. Ikirejea polepole mno, gurudumu halipati nafasi ya kushuka kabla ya kugonga jiwe la pili, na kwenye mfululizo wa mawe shokapu huzidi kuzama hadi ibakiwe na mwendo mdogo tu. Mikononi hali hiyo huhisiwa kama ugumu, na kwa hiyo mwendeshaji hupunguza upepo, akidhani anailainisha, kumbe anazidi kuizamisha. Ikirejea haraka mno, kwenye mruko nyuma ya baiskeli hukurusha juu na tairi hushindwa kung'ang'ania ardhi. Nenda na kitufe cha marekebisho hatua moja au mbili kwa wakati, ukiandika ulichobadilisha, na usiguse kitu kingine chochote hadi umerudia njia ileile.

Njia ya majaribio iwe fupi, uijue vizuri, na iwe na angalau kona moja isiyo na ukingo, sehemu ya mawe mfululizo, mteremko mkali wa kufunga breki na mahali pa kuruka. Sipendi majaribio ya njia ndefu, maana ukifika mwisho umekwisha kusahau ulichohisi mwanzoni. Kwenye mteremko mkali angalia kama uma hubaki juu unapofunga breki ya mbele au huzama ghafla na kukusukuma juu ya usukani. Kwenye mawe funga breki ya nyuma makusudi, kwa sababu miundo mingine ya fremu hukakamaa breki inapofungwa na gurudumu huanza kurukaruka, na tabia hiyo hutokana na jinsi maungio yalivyopangwa, si na shokapu yenyewe. Kwenye pigo kubwa kuliko yote ya njia hiyo, shokapu ikitumia mwendo wake wote bila kugonga kwa kishindo, mko mahali pazuri. Ikiwa haifiki mwisho kamwe hata mdidimio ukiwa sahihi, vipande vya kupunguza nafasi ya hewa huenda vimezidi ndani yake, na kuvitoa ni kazi ndogo.

Hapo ndipo fremu inapojieleza. Fremu ambayo gurudumu lake la nyuma lina mwendo wa milimita 150 na shokapu yake ina mwendo wa milimita 60 ina uwiano wa wastani wa 2.5, lakini wastani huo hauonyeshi tabia yake. Uwiano ukianza juu na kupungua kadiri gurudumu linavyopanda, shokapu hulainika kwenye vikwazo vidogo na hukaza yenyewe kuelekea mwisho, na hivyo ndivyo mwendeshaji wa nguvu anavyotaka. Uwiano ukibaki palepale, utalazimika kuongeza upepo ili isigonge mwisho, kisha ulipie kwa ugumu katika kila kokoto. Mtengenezaji akitoa mchoro wa uwiano huo, usome kabla hujasoma orodha ya vifaa, maana breki na magurudumu hubadilishwa, lakini maungio ya fremu utaishi nayo.

Pembe na vipimo navyo havibadiliki kwa urahisi. Kwa matumizi haya pembe ya uma ya nyuzi 64 hadi 65 huipa baiskeli utulivu kwenye kasi, ingawa inamtaka mwendeshaji aweke uzito kwenye gurudumu la mbele katika kona za polepole, na asiyefanya hivyo atalalamika kwamba tairi la mbele linateleza. Pembe ya kiti ya nyuzi 76 au zaidi huweka nyonga mbele unapopanda, na gurudumu la mbele halinyanyuki ovyo. Panda mlima ukiwa umeacha shokapu wazi, yaani bila kuifunga isisogee. Fremu inayohitaji kufungwa shokapu ili ipande vizuri siipi alama nyingi, kwa sababu kupanda kwenye mizizi kunahitaji gurudumu la nyuma lifuate ardhi. Saizi ichaguliwe kwa kusimama juu ya pedali wala si kwa kukaa, na nguzo ya kiti ishuke vya kutosha, milimita 170 au zaidi kwa mtu mwenye urefu wa kutosha, ili fremu iweze kulala chini yako.

Kuhusu gurudumu la inchi 29 au 27.5, sina mengi ya kusema. Kubwa hupita juu ya mawe kwa urahisi zaidi, dogo hugeuka upesi, na aliye mfupi hufurahia dogo nyuma na kubwa mbele.

Tairi ni suala zito zaidi. Hakuna haki katika kulinganisha baiskeli mbili ikiwa moja ina tairi nyepesi zenye ukuta mwembamba na nyingine ina tairi nene, kwani tofauti utakayohisi kwenye mawe itakuwa ya tairi. Mimi huweka tairi zilezile na upepo uleule kwenye zote mbili inapowezekana. Breki ziwe na pistoni nne na diski za milimita 200 mbele, na uzipime kwenye mteremko mrefu, ambako joto hufichua udhaifu usioonekana kwenye uwanja. Uzito nautaja mwisho kwa makusudi: baiskeli ya kilo 15 iliyotulia itakufikisha chini ukiwa na mikono yenye nguvu kuliko ya kilo 13 inayokurusha huku na huko.

Ikiwa ni baiskeli iliyotumika, inyanyue taratibu kwa kushika kiti na usikilize kama kuna mgongano mdogo kabla tairi halijaondoka ardhini. Kisha shika kila ungio kwa vidole wakati mwenzako anarudia kunyanyua, ili ujue kama mchezo, yaani ulegevu, uko kwenye beringi za fremu au kwenye vishikizo vya shokapu, kwa kuwa gharama zake hazilingani. Pitisha ukucha juu ya mabomba yanayong'aa ya uma, na popote ukucha unapokwama, sili haitadumu. Fremu ya kaboni ikaguliwe chini ya ekseli ya pedali na kwenye mkono wa nyuma wa fremu karibu na mnyororo. Mwisho, uliza shokapu zilifanyiwa huduma lini. Kampuni ya shokapu ya RockShox, kwa mfano, imekuwa ikipendekeza huduma ndogo kila baada ya saa 50 za kuendesha na kubwa kila saa 200. Muuzaji akiwa hana jibu, hesabu kwamba huduma kubwa ya mbele na nyuma itafanywa kwa pesa zako, na uipunguze kwenye bei kabla hamjaanza kuelewana.