Dume wa rangi ya dhahabu alivyonila akiba yote

Dume wangu wa kwanza kwenye Howrse, gemu ya mtandaoni ya kufuga farasi, nilimnunua kwa sababu ya singa zake. Mwili rangi ya dhahabu, singa nyeupe zimemwagika hadi begani. Nikamaliza akiba ya miezi miwili, nikampa jina refu la kifalme na kuanza kumpandisha kwa kila jike niliyekuwa naye. Watoto saba wa kwanza nilisherehekea tu. Alipozaliwa wa nane ndipo nikafungua ukurasa wa uwezo wa kurithi, nikaishia kukodoa macho. Kasi nzuri, shoti nzuri, lakini matiti, yaani ule mwendo wa mchakamchaka, hovyo. Wote wanane! Na aina ile ya farasi bila matiti haiendi popote. Uzuri wa mkakasi.

Kwenye Howrse uwezo wa farasi umegawanywa vipengele sita: ustahimilivu, kasi, dresaji (miondoko ya madaha kwa amri ya mpandaji), shoti, matiti na kuruka. Kila aina ina vitatu vinavyobeba mashindano yake. Pointi zilizorundikana kwenye vile vitatu vingine ni mapambo. Ndiyo maana jumla kubwa hudanganya. Niliwahi kuwa na madume wawili, mmoja ana jumla ya 6,200 na mwenzake 6,000. Nilipojumlisha vile vitatu peke yake, wa kwanza alikuwa na 3,300, wa pili 3,700. Yule "mdogo" ndiye aliyefaa kuwa baba, na mimi nilikuwa nimeshamtangaza kwa bei ya kutupa. Bahati nzuri hakuna aliyemchukua.

Tangu hapo kila mtoto akizaliwa naandika kizazi chake na jumla ya vile vitatu ndani ya jina lake, kwa mfano K7-3710. Majina ya kifalme nimewaachia wengine. Nikipitisha jicho zizini najua nani ni nani bila kufungua kurasa arobaini.

Halafu kuna BLUP. Herufi hizo hazikubuniwa na gemu. Zimetoka kwa wafugaji wa kweli, kwenye hesabu za kukadiria thamani ya mnyama kama mzazi, ambazo Charles Henderson wa Marekani alizijenga akishughulika na ng'ombe wa maziwa. Kwenye gemu ni kipimo cha kuanzia -100 hadi 100, na mtoto hupata faida kamili ya damu yake pale tu baba na mama wote wawili wakiwa wamefika 100. Hapa ndipo haraka hutuponza. Mimi nilikuwa napandisha dume akiwa na 40, nikijiambia atafidia baadaye. Hafidii. Mtoto ameshazaliwa chini ya kiwango, naye atazaa wa chini ya kiwango, na ukija kugundua umeshavuka vizazi vitatu. Mfundishe, mshindanishe, msubiri.

Watu wakitaka dume bora huulizia baba. Mimi siku hizi naanza na mama. Nusu ya urithi ni yake, na tofauti na dume, huwezi kumkodi kwa siku moja: dume wa mtu mwingine utalipia kupandisha, basi, lakini jike lazima awe wako na ubebe gharama zake zote. Kwa hiyo fedha yangu huenda kwa majike wachache sana, halafu natafuta dume anayeziba pale wao walipopungua. Jike mwenye matiti hafifu simpeleki kwa dume mwenye matiti hafifu hata kama kwingine kote ni moto.

Na madume kumi wakizaliwa, ninayebakiza ni mmoja. Pengine hata mmoja hakuna. Wengine nawahasi mapema kabla huruma haijaniingia, maana nikilala nao usiku mmoja asubuhi nitapata sababu ya kila mmoja wao.

Yule wa dhahabu naye nilimhasi. Bado yupo, banda la mwisho upande wa kulia, anakula bure.