Pima kwanza, kiti baadaye: barua zenu kuhusu viti vya magurudumu

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Goma na Bukavu zinahusu viti vya magurudumu vinavyoletwa na wageni wa kimisioni. Tumechagua sita. Maswali tumeyafupisha; majibu tumeyaacha marefu pale ambapo mwili wa mtu unaweza kuumia.

*Bwana asifiwe. Kanisa letu limeahidiwa viti 120 na ndugu kutoka Marekani. Watakuja watu 14 na kukaa siku 8. Orodha yetu imepita majina 300 na watu wameanza kusukumana. Tugawe kwa utaratibu gani?*
Shemasi, Ndosho, Goma

Shemasi, watu wanasukumana kwa sababu orodha ya majina haisemi nani anahitaji nini. Katika hao 300 wamo wanaohitaji magongo, wamo wanaohitaji baiskeli ya mikono, na wamo wazee ambao shida yao ni magoti yasiyotibiwa. Bartimayo alikuwa kipofu mbele ya macho ya wote, na bado aliulizwa kwanza anataka afanyiwe nini. Muulizeni kila mtu: unataka kwenda wapi, njia ikoje, nani anakusaidia, mlango wa nyumba yako una upana gani.

Halafu pigeni hesabu ya muda. Kumpima mtu, kurekebisha kiti kimkae na kumfundisha kukitumia ni karibu saa 2. Kundi la watu wawili wanaoijua kazi humaliza watu 4 kwa siku, wakijitahidi sana. Siku 8 za wageni, ukitoa ya kufika, Jumapili na ya kuondoka, ni siku 5 za kazi. Makundi 3 yatahudumia watu 60. Viti 60 vitakavyobaki vitagawiwa mbiombio siku ya mwisho, na hivyo ndivyo vinavyokutwa baadaye vimeegemezwa ukutani, vimetundikwa nguo.

Kwa hiyo anzeni kupima wiki 6 kabla wageni hawajafunga mizigo. Ombeni msaada wa mafundi na wataalamu wa mazoezi ya viungo walio hapa hapa: Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu. Vipimo ni vinne, vyote kwa sentimita.

Mkalishe mtu kwenye benchi gumu, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga chini. Chukua vitabu viwili vya nyimbo vyenye jalada gumu, uvisimamishe kila upande wa nyonga viguse bila kubana. Umbali kati ya vitabu ndio upana wa kiti. Cha pili, pima kutoka nyuma kabisa ya makalio hadi nyuma ya goti, uondoe sentimita 3 hadi 6. Hicho ni kina cha kiti. Mguu mmoja ukiwa mfupi, fuata ule mfupi. Cha tatu, kutoka nyuma ya goti hadi kisiginoni, akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku: huo ni umbali kutoka juu ya mto hadi kwenye kikanyagio. Cha nne, kutoka benchi hadi ncha ya chini ya bawa la bega. Mwenye nguvu za kiwiliwili anatosheka na egemeo linaloishia kwenye mbavu za mwisho, na mikono yake itasukuma kwa uhuru zaidi.

Kila kosa lina adhabu yake. Kiti kikiwa kipana, mtu anaegemea upande mmoja na uti wa mgongo unapinda, na mlango wa nyumba ya mbao haukipitishi, maana kiti chenye sehemu ya kukalia ya sentimita 46 kwa kawaida kina upana wa karibu 65 kwa jumla. Kikiwa na kina kirefu, ukingo unachoma nyuma ya goti, mtu anateleza mbele na kukalia mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Kikanyagio kikiwa juu mno, magoti yanapanda na uzito wote unaangukia mifupa ya makalio. Kikiwa chini ya sentimita 5 kutoka ardhini, kinagonga mawe.

Na mawe ya Goma mnayajua. Wapigieni wageni picha za njia zenu, hasa pale lava ya 2002 ilipopita, muwatumie kabla hawajachagua viti. Kiti cha hospitali kina magurudumu ya mbele membamba na magumu, yaliyowekwa karibu na miguu. Kimetengenezwa kwa sakafu laini. Gurudumu hilo likitumbukia kati ya mawe mawili, kiti kinasimama ghafla na mwenye kiti anaendelea, uso mbele. Kwa njia zetu ombeni viti ambavyo gurudumu la mbele ni pana na limesogezwa mbele sana, vya magurudumu matatu au manne.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma hii mwaka 2008 na kuuandika upya mwaka 2023. Hatua zake sasa ni nne: kuchagua, kurekebisha, kufundisha, kufuatilia. Wageni watafanya mbili za katikati. Ya kwanza na ya nne ni zenu, Shemasi, na kama hamna watu wa kuzifanya, pokeeni viti 50 badala ya 120.

*Nilianguka nikavunjika uti wa mgongo, miguu haina hisia. Kanisa lilinipa kiti kizuri. Baada ya wiki tatu mama aliona kidonda kwenye kalio, mimi sikusikia maumivu yoyote. Kosa liko wapi?*
Kijana, Kadutu, Bukavu

Ndugu yetu, kwanza nenda hospitali wiki hii, na hadi kidonda kifunge usikikalie. Lala kifudifudi au kwa ubavu. Usinyunyizie unga wa vidonge. Unaziba juu na chini kunaendelea kuoza.

Kosa ni kwamba ulipewa kiti bila mto. Kitambaa au plastiki ya kiti si mto. Mtu mwenye hisia akikaa saa nzima anajisogeza mara nyingi bila kujua. Wewe mwili haukuiti. Mfupa wa kalio unaibana nyama dhidi ya kiti, damu haipiti, nyama inakufa kuanzia ndani karibu na mfupa, na ngozi ndiyo inayopasuka mwisho. Kidonda unachokiona kidogo nje kinaweza kuwa pango kubwa ndani.

Mto unaweza kushonwa Bukavu. Sponji ngumu ya sentimita 5 chini, sponji laini zaidi ya sentimita 2 na nusu juu. Kwenye ile ya chini, upande wa nyuma, fundi akate shimo la kina kifupi mahali mifupa ya makalio inapokaa, ili uzito uhamie kwenye mapaja. Kifuniko kiwe cha kitambaa kinachonyumbulika na kiwe kipana kidogo. Kikikazwa kama ngoma, sponji haifanyi kazi tena.

Kisha mto upimwe kwa vidole. Ukiwa umekaa, mtu aingize ncha za vidole kati ya mto na mfupa wa kalio, kiganja kikitazama juu, ujikalie kawaida. Akiweza kuchezesha vidole juu na chini walau nusu sentimita, mto ni salama. Akishindwa kuvichezesha lakini vinatoka kwa urahisi, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa hata kuvitoa ni taabu, mto huo haukufai. Pimeni pande zote mbili, na mrudie kila miezi michache, maana sponji hulala na kuwa nyembamba.

Pamoja na mto, kila nusu saa inama mbele kifua kielekee magotini, ukae hivyo karibu dakika 2. Kujiinua kwa mikono sekunde tano hakutoshi damu kurudi. Asubuhi na jioni mama atazame ngozi, au wewe mwenyewe kwa kioo. Mahali palipobadilika rangi na hapajarudi hali yake baada ya nusu saa, usipakalie siku hiyo. Na kikikauka kidonda hiki, usirudi kwenye kiti hicho bila mto hata kwa safari ya kwenda kanisani.

*Mimi ni fundi wa kinga (baiskeli). Nimeletewa kiti cha wageni, taya (tairi) imepasuka, imeandikwa 24. Nimenunua taya ya kinga ya 24, haiingii. Nimevunja visu viwili vya kupachikia taya. Nifanyeje?*
Fundi, Birere, Goma

Fundi, acha kuvunja visu. Soma namba ndogo ubavuni mwa taya. Ya kiti mara nyingi ni 37-540, ya baiskeli ni 47-507 au 50-507. Namba ya pili ni kipenyo cha taya inapokalia rimu, kwa milimita. Zote mbili huitwa 24, lakini moja imeizidi nyingine kwa milimita 33. Hakuna nguvu itakayoivisha.

Tyubu ya baiskeli ya 24 itakubali, inanyumbuka. Taya ndiyo tatizo. Kama gurudumu lina njiti (spoki), unaweza kubadilisha rimu yote ukaweka ya 507 kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ile ile, ukihesabu matundu yawe sawa na ukikata njiti fupi kwa karibu milimita 16. Taya ya 50-507 ikijaa ina kimo cha karibu milimita 607, ile ya zamani 614, hivyo kiti hakitashuka sana. Badilisha magurudumu yote mawili kwa pamoja. Angalia taya pana isisugue egemeo la mkono, hamisha pete ya kusukumia, halafu sogeza breki. Gurudumu la plastiki lisilo na njiti halina dawa hiyo. Mwambie mwenyewe aombe taya kwa waliomletea.

Breki ya kiti hukandamiza taya. Upepo ukipungua, breki haishiki, na mtu huanguka wakati anahamia kitandani. Kwa hiyo anayelalamika breki, mjazie upepo kwanza.

Gurudumu la mbele likiwa zito kuzunguka, fungua ekseli: utakuta nywele na nyuzi za kitenge zimejisokota humo. Beringi mara nyingi ni 608, tundu milimita 8, nje 22, unene 7. Kwa fremu iliyopasuka, weka sumaku kabla ya kuipeleka kuchomelewa. Isiponata, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni alumini, na mashine ya kawaida ya kuchomelea vyuma itaitoboa.

Shemasi wa Ndosho asome hapa pia. Kwa viti 50, waambieni wageni wawaletee mafundi wenu taya 20, tyubu 30, beringi 40, magurudumu ya mbele 10, na seti mbili za spana na elini (funguo za pembe sita) za inchi, kwa kuwa boliti za Marekani nyingi ni za inchi na spana zetu za milimita huzila vichwa. Mafundi hao waitwe kwenye siku zote 5 za kazi, walipwe, wafungue na kufunga kila kiti kwa mikono yao.

*Mtoto wangu ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo. Walimpa kiti cha mtu mzima wakasema atakua humo. Ninamzungushia mito lakini anakunjamana, na chakula kinampalia.*
Mama, Majengo, Goma

Mama, kupaliwa huko ndiko kunakotutia wasiwasi. Mtoto aliyekunjamana shingo nyuma anamezea njia ya hewa, na chakula kikienda mapafuni huleta homa za kifua zisizokwisha. Kiti hicho usimlishie. Mlishe akiwa ameketi wima, nyonga zimekaa nyuma kabisa, magoti na nyayo vimeegemezwa, kichwa kimeinama kidogo mbele, kijiko kikitoka usawa wa mdomo na si juu.

Anahitaji kiti cha kipimo chake, chenye vishikizo vya ubavuni, kichwani na mkanda unaopita kwenye nyonga. Usimfunge kifuani kwa leso. Akiteleza itapanda shingoni. Viti hivi havitolewi kwa siku moja na wageni wasio na mtaalamu wa watoto. Mpeleke kwenye kituo cha mazoezi ya viungo apimwe, na arudishwe kila miezi 6 kwa sababu anakua.

*Wageni wanapenda watu washuhudie na kuombewa uponyaji kabla ya kupokea kiti, na wapigwe picha. Ni vibaya?*
Mchungaji, Himbi, Goma

Baba Mchungaji, maombi yawe mahali pake na kiti mahali pake. Asiyetaka kuombewa, Mwislamu au Mkristo, apimwe na apewe sawa na wengine. Kanuni za mwenendo za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinasema hivyo wazi: msaada usitumiwe kuendeleza upande wa dini fulani. Na asiinuliwe mtu kwa nguvu asimame mbele ya kusanyiko. Mifupa ya miguu isiyotumika miaka mingi huvunjika kirahisi. Picha ipigwe baada ya mtu kupata kiti, akikubali, na akielezwa itaonekana wapi.

*Ninavusha bidhaa kati ya Goma na Gisenyi, Rwanda, kwa baiskeli ya mikono. Kanisa linasema nikitaka kiti kipya nirudishe baiskeli.*
Mama mfanyabiashara, Birere, Goma

Usirudishe, Mama. Baiskeli inabeba mzigo na kwenda mbali, lakini haiingii jikoni wala chooni. Kiti kinaingia, lakini hakitakufikisha mpakani na magunia. Ni vyombo viwili vya kazi mbili. Kongo imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tangu 2015, na kifungu cha 20 kinazungumzia kwenda mtu kwa namna na wakati anaouchagua mwenyewe. Mwonyeshe shemasi ukurasa huu, aandike kwenye fomu yako: baiskeli ya biashara, kiti cha nyumbani. Na mto wa baiskeli nao upimwe kwa vidole, maana huko ndiko unakokaa saa nyingi zaidi.