30,031 ilivyoniumbua gatini Kamanga

Kama unaishi na mtoto anayependa hesabu, siku moja atakuumbua. Mimi yalinikuta gatini Kamanga, Mwanza, tunasubiri kivuko cha kwenda ng'ambo ya Sengerema, jua kali, Jiwe la Bismarck lile pale na ndege wake. Mpwa wangu wa kidato cha pili akauliza, "Mjomba, hivi namba tasa zina mwisho?"

(Namba tasa ni ile, kuanzia 2, inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu.) Nikamjibu kama bingwa. Hazina. Zichukue za mwanzo, zizidishe zote, ongeza 1, umepata tasa mpya. 2 × 3 + 1 ni 7. Ukiingiza na 5 kwenye zao inakuja 31, ukiingiza 7 inakuja 211, halafu 11 inakupa 2,311. Zote tasa kweli. Akaingiza 13 kwenye kikokotoo cha simu: 30,031. "Na hii?" Nikasema ndiyo, hata kalamu sijashika.

"Basi tuhakikishe, Mjomba." Akageuza tiketi yake na kuanza kugawa.

Ukifika hapo, usigawe ovyo. Tafuta kwanza kipeuo cha pili. Cha 30,031 ni 173 na ushee, nawe hupiti hapo, kwa sababu namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake. Hadi 173 kuna namba tasa 40. Sita za mwanzo, 2 mpaka 13, ziache. Kila moja itabakiza ile 1 tuliyoongeza. Kwa hiyo tulianza na 17, ikabaki 9. 19, ikabaki 11. 23, ikabaki 16. Kivuko kikaja, tukapanda, tukaendelea tumekaa. 53 ikabakiza 33.

Ya 11 kujaribiwa ilikuwa 59. Kwenye 300 inaingia mara 5, inabaki 5. Shusha 3, inakuwa 53, haiingii, andika 0. (Hiyo 0 ndiyo wengi wanaisahau, wakapata 59 mara 59.) Shusha 1, 531, mara 9. Haikubaki kitu. 30,031 ni 59 × 509, na mjomba mtu akawa anaangalia maji.

Nilichokosea si jibu la swali lake. Namba tasa kweli hazina mwisho, na hoja hiyo ni ya Euclid, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ila hakusema kwamba ukiongeza 1 unapata namba tasa. Hoja ni kwamba vigawo tasa vya namba hiyo, viwe vipi, havimo kwenye orodha uliyoanza nayo. Sisi tulianza na sita, tukaokota mbili ngeni, 59 na 509. Mwambie mtoto hivyo mapema, usingoje akukamate.

Nilijifariji kwa Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa. Yeye aliamini 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, ni tasa. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaipasua: 641 × 6,700,417. Kwa njia yetu ya tiketi angekuwa na namba tasa 6,542 za kujaribu. Lakini alikuja kuonyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hiyo, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Zilizobaki za kuanzia ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu! Ndiyo maana nasisitiza: kabla hujaanza kugawa, kaa uiulize namba inakataa vigawo gani.

Kesho yake mpwa akanitumia meseji: "510,511 je?" Ni zao lile lile, 17 imeingizwa, 1 ikaongezwa. Safari hii nilichukua karatasi, nikaanza na 19, ikakubali papo hapo: 26,869. Hiyo igawe wewe. Anza tena na 19, mwisho wako 163.