Jiwe liko figoni, mbona korodani ndiyo inayouma?

Barua za wanaume wenye mawe ya figo zimerundikana, na nyingi zinazunguka jambo moja: panapouma sipo walipoambiwa jiwe lipo. Nazijibu baadhi hapa.

Daktari, maumivu yalinianza ubavuni, chini ya mbavu za kushoto. Kesho yake yakashuka kinenani, sasa yako kwenye korodani na ncha ya uume. Korodani imepimwa, haina shida. Jiwe limeingia huko? (Miaka 34)

Halijaingia wala haliwezi, kwa sababu hakuna njia ya kutoka figoni hadi kwenye korodani. Mkojo hutoka kila figo kwenda kwenye kibofu kupitia mrija mwembamba uitwao ureta, wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30 na uwazi wa milimita chache tu. Jiwe likikwama humo, mkojo hujaa nyuma yake, figo hutanuka, na misuli ya mrija hukaza ikijaribu kulisukuma. Uchungu wenyewe ndio huo.

Kuhusu korodani, mtoto wa kiume anapoumbika tumboni mwa mama, korodani zake huanza kukua karibu na figo, kisha hushuka zikiburuta mishipa yake ya fahamu. Hata ukiwa mtu mzima, taarifa za korodani na za ureta bado huingilia sehemu moja ya uti wa mgongo, na ubongo hushindwa kujua ipi imetoka wapi.

Ndiyo maana mahali panapouma hutupa fununu ya jiwe lilipofika. Likiwa juu, huuma ubavu na mgongo. Likiwa katikati, huuma tumbo la chini na kinena, na kama ni upande wa kulia wengi hudhani ni kidole tumbo. Likifika mlangoni mwa kibofu, sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, uchungu huruka hadi ncha ya uume na mtu hutaka kukojoa kila mara. Kwa maelezo yako, huenda lako limekaribia kutoka.

Umefanya vizuri kupimwa korodani kwanza. Korodani inayouma ghafla, hasa kwa kijana, huweza kuwa imejisokota, na hapo kuiokoa ni suala la saa, takriban sita. Usikae nyumbani ukidhani ni jiwe.

Jiwe langu ni la milimita 4 na limenigaragaza sakafuni. Kaka yangu ana kubwa zaidi ndani ya figo, hasikii kitu. Ananiona mwoga.

Mwambie aache. Jiwe lililotulia ndani ya figo bila kuziba njia huweza kukaa miaka kimya, lakini punje ndogo iliyoziba mrija humfanya mtu mzima atapike na akose pa kujilaza. Maumivu yanapima kuziba na mgandamizo, hayapimi ukubwa wa jiwe. Yanakuja na kuondoka kwa sababu mrija hukaza, hupumzika, kisha hukaza tena.

Mawe yaliyo chini ya milimita 5 mengi hutoka yenyewe, ingawa huweza kuchukua wiki kadhaa. Yaliyozidi milimita 10 ni nadra kutoka bila msaada. Kwa maumivu, dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni husaidia sana kwa sababu hupunguza mgandamizo ndani ya figo, lakini mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu asizimeze bila kumwona daktari.

Nakojoa kidogo kidogo, kunaungua, na nimeshapewa antibiotiki mara mbili bila nafuu. Mke wangu ameanza kunitilia shaka.

Jiwe lililo karibu na kibofu hukikera kibofu hicho, na dalili zake hufanana kabisa na za maambukizi. Hata chembe nyeupe za damu huweza kuonekana kwenye mkojo usio na bakteria. Omba mkojo uoteshwe maabara, kuona kama bakteria wapo kweli, kabla ya kumeza dozi ya tatu. Magonjwa ya zinaa nayo yapimwe kwa kipimo chake, kwa kuwa klamidia huweza kuwepo bila usaha, na tezi dume ichunguzwe. Kisha tafuta jiwe lenyewe. Ultrasaundi mara nyingi hulikosa likiwa katikati ya ureta, na mawe ya asidi ya yuriki hayaonekani kwa eksirei ya kawaida. Kipimo cha CT huyaona karibu yote. Kipimo kimoja cha mkojo hakitoshi kumhukumu mtu, sembuse ndoa yake.

Nikibanwa na maumivu nanywa maji mengi sana ili lisukumwe. Sawa?

Hapana. Njia imeziba; ukiongeza mkojo nyuma yake unaongeza mgandamizo na uchungu. Wakati huo kunywa kwa kiu yako. Maji mengi ni kinga ya baadaye: yanywe ya kutosha kukuwezesha kukojoa lita 2 hadi 2.5 kwa siku. Punguza chumvi, lakini usiache vyakula vyenye kalsiamu, maana kalsiamu ya chakula huikamata oksalati, kemikali ya vyakula inayounda mawe mengi, tumboni kabla haijafika figoni.

Maumivu yamekatika ghafla. Nimepona?

Labda. Kama hukuliona jiwe likitoka, usiamini ukimya. Figo iliyozibwa huweza kuacha kuuma huku ikiendelea kuharibika. Rudi upigwe picha. Wakati wa kungoja, kojolea kwenye kichujio, na ukilipata jiwe lipeleke maabara. Aina yake ndiyo huamua kinga yake.

Nina jiwe, tangu jana nina homa na natetemeka kwa baridi.

Weka simu chini uende hospitali sasa hivi. Maambukizi nyuma ya jiwe huua. Vivyo hivyo kwa mwenye figo moja, au aliyeacha kabisa kupata mkojo.

Nimewekewa stenti baada ya jiwe kuvunjwa. Nikikojoa ubavu unachoma.

Ni kawaida. Stenti ni kamrija laini kanakowekwa ndani ya ureta kutoka figoni hadi kibofuni: kibofu kikikaza, mkojo hupanda kupitia stenti hadi figoni, na ncha yake ya chini hukwaruza kibofu. Damu kidogo pia hutokea. Dawa ya tamsulosini huwapunguzia wengi adha hiyo. Kinachonisumbua zaidi ni wanaosahau kuitoa, kwani ikikaa miezi mingi huota mawe juu yake. Kama hukupewa tarehe ya kuitoa, piga simu leo uiulize.