Kurukisha jiwe ziwani: mashindano ya watu wasio na mbio

Michezo inayopendwa Goma, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu, inadai pumzi. Mpira, ngumi, hata kushindana kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, kwenye mteremko, vyote vinamwacha pembeni mwenye goti bovu, mwenye kitambi na mama aliyebeba bidoni za maji miaka yote mpaka mgongo ukachoka. Kurukisha jiwe juu ya maji hakumwachi mtu. Na ni mashindano ya kweli: katika kisiwa cha Easdale, Scotland, kila mwaka watu hukusanyika kwenye machimbo ya zamani yaliyojaa maji, kila mmoja akirusha mawe matatu, na jiwe halitakiwi kuzidi inchi 3 kwa upana, yaani sentimita 7 na nusu hivi.

Easdale wanapima umbali. Nyinyi msipime umbali. Umbali unampendelea mwenye bega kubwa, na hapo mtakuwa mmerudi kulekule kwenye mpira. Hesabuni miruko. Miruko inategemea sana kuzunguka kwa jiwe, na kuzungusha jiwe ni kazi ya kifundo cha mkono na kidole cha shahada. Mmarekani Kurt Steiner alifikisha miruko 88 kwa jiwe moja mwaka 2013, huko Pennsylvania. Anayeanza akipata 4 au 5 siku ya kwanza, amefanya vizuri.

Shida ya Goma ni mawe yenyewe. Makoro, mawe ya volkano, ni mepesi, yana matundu na meno. Yakigusa maji yanakwama, na yanachuna kidole. Vipande vya vigae vinaruka vizuri sana, lakini vinabaki chini majini vikingoja miguu ya watoto wanaooga, kwa hiyo viacheni. Njia safi ni kumimina visahani vya simenti. Tafuta vifuniko vya plastiki vya makopo ya mayonezi vya kutosha, vyote vyenye upana wa sentimita 7, uvipake mafuta kidogo ya kupikia. Chekecha mchanga mweusi mpaka ubaki ule laini. Kilo 1 ya simenti, kilo 2 za mchanga, maji karibu nusu lita, ukiyaongeza polepole: uji ukiwa mwepesi, kisahani kitapasuka kikikauka. Jaza unene wa sentimita 1, gongagonga kila kifuniko mezani ili hewa itoke. Baada ya siku moja toa kisahani, sugua ukingo kwenye jiwe la makoro mpaka uwe mviringo usiokata, kisha kizamishe kwenye ndoo ya maji kwa siku 7. Wengi hukianika juani wakidhani ndiyo kukiimarisha. Simenti inahitaji maji ili ikaze, na kisahani cha jua huvunjika kwa urahisi. Kila kimoja kitakuwa na gramu 80 hivi, na mchanganyiko huo utatoa kama 40. Wachezaji 12 wakirusha mara tatu ni 36, vinabaki vichache vya akiba.

Kuna faida nyingine: hakuna ugomvi wa mawe. Mwaka 2025 pale Easdale washindani kadhaa waliondolewa kwa sababu mawe yao yalikuwa yamechongwa. Visahani vikitoka kwenye vifuniko vya ukubwa mmoja, kila mtu ana jiwe lilelile.

Sasa mkono. Kisahani kilale juu ya kidole cha kati, gumba likikibana kwa juu, na kidole cha shahada kikumbatie ukingo wake. Simama ubavu, kunja magoti, mkono upite chini ya kiuno, karibu na goti. Anayecheza ameketi kwenye kiti au kigari yuko vizuri tayari, mkono wake uko chini bila kuinama. Wakati wa kuachia, kidole cha shahada ndicho cha mwisho kuondoka. Kivute ukingo kama unazungusha pia ya watoto. Ukingo wa mbele uwe umeinuka kidogo. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa, Lydéric Bocquet na wenzake, walirusha sahani za aluminiamu kwa mashine na kuona kuwa digrii 20 kati ya sahani na uso wa maji ndiyo kona bora. Ili uijue kwa jicho, laza kisahani mezani, inua upande mmoja sentimita 2 na nusu, urefu wa kiungo cha juu cha gumba. Kikariri hivyo.

Kikizama papo hapo, ukingo wa mbele ulikuwa chini, au hakikuzunguka. Kikiruka juu mara moja kisha kikatumbukia, umekirusha kutoka juu, au umekiinua mno. Kikikata kona, kilitoka mkononi kimelala upande ule kinakokwenda. Usijibu makosa hayo kwa nguvu zaidi. Kiwiko kitauma kabla kisahani hakijatii. Mazoezi ya visahani 30 kwa siku yanatosha.

Mahali pana uzito kuliko vyote hivyo. Simameni kwenye mwamba usiozidi sentimita 30 juu ya maji, kwani ukutani kwa mita moja kila kisahani kinaingia kwa mteremko mkali. Msiende bandari ya Kituku penye watu wanaochota maji na mitumbwi inayopakia. Ufuko mwingi uko ndani ya parseli, yaani viwanja, za watu, kwa hiyo muombe ruhusa mapema kwa mwenye parseli, na mmwambie shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa. Ziwa hutulia asubuhi, kabla upepo haujaanza, lakini asubuhi na mapema ndiyo saa ya mazuku, gesi ya kaboni dioksidi itokayo ardhini na inayoua. Gesi hiyo haionekani, ni nzito kuliko hewa, na hulala kwenye mabonde karibu na ziwa. Mtoto asitumwe kuokota kisahani kwenye shimo, kamwe. Anzeni saa mbili, jua limeshapanda, mbaki mbali na mabonde na mashimo, penye hewa inayopita. Wavuvi wa sambaza wakipita, simamisheni mchezo.

Kuhesabu ndiko kunakoleta kelele. Miruko ya mwisho inakaribiana mno, jicho haliitenganishi. Wekeni wahesabuji wawili, mmoja kila upande, na telefone inayorekodi video ya mwendo wa polepole ikiwa imelazwa karibu na maji. Wakitofautiana, video iamue. Jumlisha mirusho miwili bora kati ya mitatu, ili bahati ya mara moja isimpe mtu ushindi. Wakilingana, kila mmoja apewe kisahani kimoja cha akiba, arushe kwa mkono asioutumia.